Kompyuta ya Studio ya Nyumbani Inapozimika Katikati ya Kurekodi: Kusoma Dalili na Kufika kwenye Chanzo

Programu ya kurekodi muziki huidai kompyuta jambo ambalo programu za kuandikia barua au kutazamia filamu haziidai, nalo ni kumaliza kazi kwa wakati, kila mara, bila ruhusa ya kuchelewa hata kidogo. Ukiweka bafa, yaani kipande cha sauti kinachoshughulikiwa kwa zamu moja, ya sampuli 256 katika kasi ya kilohezi 44.1, prosesa inapewa takriban milisekunde 5.8 tu za kukusanya sauti ya kila chaneli, kuipitisha kwenye kila plagini (programu ndogo ya nyongeza) uliyoiweka na kuikabidhi kwa kadi ya sauti kabla zamu inayofuata haijafika. Kisha inaanza upya, zaidi ya mara 170 kwa sekunde, kwa muda wote ambao mwimbaji yuko mbele ya maiki. Ndiyo maana kompyuta iliyofanya kazi za ofisini mchana kutwa bila tatizo huanguka jioni ile ile inapoingizwa studio. Udhaifu uliokuwamo tangu zamani, uwe wa umeme, wa joto, wa draiva (programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa) au wa diski, hujitokeza hapo.

Maelezo haya nimeyaandika kwa ajili ya wenye studio za chumbani hapa Mwanza, kuanzia Nyegezi na Mkolani hadi Kirumba, Nyakato na Igoma, ambao wengi wao hutumia kompyuta mpakato za mtumba zenye Windows, kadi ndogo ya sauti ya USB, na programu kama FL Studio, Cubase au REAPER. Mashine ikizimika mara mbili tatu, ushauri wanaoupata kwa haraka ni kupiga Windows upya. Siafiki kwamba hiyo iwe hatua ya kwanza. Windows huandika kumbukumbu ya karibu kila anguko, na kumbukumbu hiyo mara nyingi hutaja faili lililohusika kwa jina lake. Anayepiga Windows upya kabla ya kuisoma anafuta ushahidi wote, na ikiwa chanzo kilikuwa betri iliyokufa au feni iliyoziba, atalirudia tatizo lile lile wiki ijayo huku akiwa amepoteza plagini na mipangilio yake.

Kwanza tambua ni nini hasa kilichoanguka

Watu husema "kompyuta imezima" kwa mambo ambayo kwa kweli ni tofauti kabisa. Mashine inaweza kukatika ghafla, skrini ikawa nyeusi na taa zote zikafa, kana kwamba mtu amechomoa waya. Inaweza kuonyesha skrini ya bluu, au nyeusi kwenye matoleo ya karibuni ya Windows 11, yenye maneno ya kosa, kisha ikajiwasha upya. Programu ya kurekodi inaweza kujifunga peke yake huku Windows ikiendelea kama kawaida. Na mara nyingine hakuna kinachofunga, bali kila kitu kinaganda, sauti inakwama katika mlio mmoja unaojirudia, na kipanya hakisogei. Namna hizi nne zina vyanzo tofauti, na kosa linalopoteza muda mwingi kuliko yote ni kutafuta plagini mbovu wakati tatizo ni umeme, au kununua RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) wakati tatizo ni plagini.

Kabla ya kugusa chochote, chukua daftari uandike mambo matatu kila mashine inapoanguka: saa ngapi, ulikuwa unafanya nini wakati ule, na ilianguka kwa namna ipi kati ya hizo nne. Daftari hilo litakuwa na thamani zaidi ya programu yoyote ya uchunguzi utakayoipakua. Ukishaanza kurekebisha, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, halafu ujaribu. Aliyebadilisha bafa, draiva na mpango wa umeme kwa mkupuo mmoja, hata mashine ikipona, hajui ni kipi kilichoiponya, wala hatajua aanzie wapi ikiugua tena.

Mashine inakatika ghafla kama iliyochomolewa

Anguko lisilotanguliwa na ujumbe wowote, karibu kila mara, lina chanzo kimoja kati ya viwili: ama umeme haukufika inavyotakiwa, ama mashine imejizima yenyewe ili isiungue. Ukifungua kumbukumbu za Windows kwa amri ya eventvwr.msc utakuta tukio la Kernel-Power lenye namba 41. Wengi huiona namba hiyo wakadhani wamepata jina la ugonjwa. Maana yake ni kwamba Windows, ilipowaka tena, iligundua kuwa haikuzimwa kwa utaratibu. Haisemi kwa nini.

Kinachotenganisha umeme na joto ni wakati. Mashine inayokatika bila mpangilio, asubuhi au usiku, hata projekti ikiwa imesimama na hakuna kinachopigwa, inaelekea kuwa na tatizo la umeme. Mashine inayodumu vizuri asubuhi lakini ikafa alasiri, au inayokufa pale unapotoa wimbo kuwa faili la WAV au MP3, yaani wakati prosesa inapotumika kwa nguvu zake zote, inaelekea kuzidiwa na joto.

Tuanze na umeme. Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50, na chaja nyingi za kompyuta mpakato zimeandikwa kuwa zinapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo kushuka kidogo kwa volti hakuziathiri. Kinachoziua kompyuta mpakato za mtumba ni betri. Betri ikiwa nzima, umeme ukiyumba kwa nusu sekunde hutambui chochote, kwa kuwa betri hushika nafasi hiyo. Betri ikiwa imekufa, mtikisiko ule ule unaozima taa na kuiwasha kabla hujapepesa jicho huizima mashine papo hapo. Jaribio lake ni rahisi: hifadhi kazi yako, acha projekti nzito ipige, kisha chomoa chaja. Mashine ikifa hapo hapo, au ndani ya dakika chache, umeshapata jibu. Ukitaka kipimo, andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri. Windows itakutengenezea ripoti inayolinganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo ilionao sasa.

Kwa kompyuta ya mezani hakuna betri ya kuikinga, hivyo UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika, ni sehemu ya studio kama ilivyo maiki. Stebilaiza haichukui nafasi yake: stebilaiza hurekebisha volti inayoyumba, lakini umeme ukikatika nayo inazimika. UPS nayo ina betri inayochoka, na yule anayelalamika kuwa mashine yake inazimika ingawa ana UPS aanze kwa kuijaribu UPS yenyewe kwa kuichomoa ukutani. Usichomeke spika kubwa, pasi wala friji kwenye UPS ya kompyuta.

Katika nyumba za kupanga, ambako vyumba kadhaa hutumia mita moja na nyaya zilizovutwa kwa awamu, jirani akiwasha pasi au jiko la umeme volti hushuka kwa wote. Ukiona kwenye daftari lako kwamba mashine hukatika zaidi saa za jioni watu wanapopika, hilo ni la kulifikiria. Shika pia plagi ya ekstensheni baada ya saa moja ya kazi: ikiwa ya moto, au ina alama nyeusi kuzunguka vijiti, mguso wake umelegea, na hapo hapatakiwi kubadilishwa programu bali soketi. Na kwa kuwa ngurumo za Ziwa Victoria ni kali, hasa usiku na alfajiri katika mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, radi ikianza kusikika chomoa kompyuta, chomoa kadi ya sauti, na chomoa waya wa intaneti uliotoka nje. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

Sasa joto. Pakua HWiNFO au HWMonitor, ambazo hazilipiwi, uache projekti yako nzito kuliko zote ipige huku ukitazama namba ya prosesa. Prosesa nyingi za kompyuta mpakato hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzijoto 100, na joto lisiposhuka mashine hujizima. Kwa hiyo joto hutoa onyo kabla ya kuua: feni huvuma bila kupumzika, sauti huanza kukwaruza na kukatikakatika kwa sababu prosesa imejipunguzia kasi, ndipo kunakuja giza. Aliyeona dalili hizi kwa mpangilio huo asiendelee kuhangaika na plagini.

Fungua kifuniko cha chini cha mashine, au umpe fundi akifungue mbele yako, utazame mahali feni inapokutana na vile vibamba vyembamba vya shaba au alumini. Kwa mashine iliyokaa Mwanza miaka miwili mitatu bila kusafishwa, hapo utakuta utando mzito wa kijivu, umeshikana kama kipande cha blanketi kuukuu, unaoweza kubanduliwa kwa kibano ukatoka mzima. Ukiutazama kwa karibu utaona umefumwa kwa vumbi, nywele, na mabawa ya wale wadudu wadogo wa ziwani ambao hupanda kutoka majini kama moshi na kufuata taa za nyumba, hasa siku zinazofuata mwezi kuandama. Studio inayofanya kazi usiku, taa ikiwaka na dirisha likiwa wazi, huvuta wadudu hao moja kwa moja ndani ya feni. Ondoa utando huo, safisha vibamba kwa brashi laini kavu, shika feni isizunguke unapopuliza, na badilisha pesti iliyo kati ya prosesa na kipoza joto ikiwa imekauka kama chokaa. Wavu mzuri dirishani utakupunguzia kazi hiyo.

Namna tunavyorekodi nayo huongeza joto. Chumba kimefungwa madirisha ili kelele za bodaboda zisiingie, kuta zimevalishwa blanketi au magodoro, juu kuna bati lililopigwa na jua tangu asubuhi, na feni ya chumba imezimwa kwa sababu maiki ya kondensa inaisikia. Mwimbaji anatoka jasho, na kompyuta iliyolazwa juu ya godoro, matundu yake ya hewa yakiwa yamezibwa, inateseka kuliko yeye. Iweke juu ya kitu kigumu, uinyanyue kwa nyuma, na ikiwezekana iache nje ya chumba cha kuimbia, maiki tu ndiyo iingie kwa waya mrefu. Washa feni kila mnaposimama kati ya mikupuo ya kurekodi. Na kuna mpangilio mmoja ambao naupenda kwa sababu hauna gharama: kwa amri ya powercfg.cpl, ingia katika mipangilio ya ndani ya mpango wa umeme wa Windows (Power Plan), ushushe kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwenye mashine nyingi hatua hiyo huizuia prosesa kupandisha kasi yake ya ziada, na joto hushuka kwa kiasi kinachoonekana, huku projekti za kawaida zikiendelea kupiga bila shida.

Skrini ya bluu

Hapa kilichoanguka ni Windows yenyewe, na chanzo ni draiva au kifaa; programu ya kurekodi, kwa kawaida, haina uwezo wa kuiangusha Windows bila msaada wa draiva mbovu. Piga picha ya skrini hiyo kwa simu. Maneno DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL huelekeza kwenye draiva, na mara nyingi jina la faili la draiva hiyo huandikwa chini yake. MEMORY_MANAGEMENT huelekeza kwanza kwenye RAM. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni malalamiko ya vifaa, yaani prosesa, joto, volti au ubao mama. Kama skrini ilipita kabla hujaisoma, rekodi zake hubaki katika folda ya C:\Windows\Minidump, na programu ndogo iitwayo BlueScreenView huzisoma na kuonyesha faili lililoshukiwa.

Draiva ya kwanza kuichunguza ni ya kadi ya sauti. Pakua ile inayotoka kwa mtengenezaji wa kadi hiyo, kwa modeli yako kamili, kisha ondoa ya zamani kabisa na uwashe kompyuta upya kabla ya kuweka mpya. Ukiwa umejaza draiva za ASIO za kadi tatu ulizowahi kuzitumia, pamoja na ASIO4ALL uliyoiweka siku ulipokuwa huna kadi, ziondoe zote usizozitumia. ASIO, utaratibu uliobuniwa na kampuni ya Steinberg, huiruhusu programu kuzungumza na kadi kwa njia fupi bila kupitia ngazi zote za sauti za Windows. Ufupi huo ndio unaoleta kasi, lakini pia ndio unaofanya draiva mbovu iwe na madhara makubwa. Ya pili ni draiva ya intaneti isiyo na waya, ambayo hujulikana kwa kuikatiza prosesa mara kwa mara. Zima Wi-Fi na Bluetooth wakati wa kurekodi uone kama hali inabadilika. Programu ya LatencyMon itakuonyesha ni draiva ipi inayochelewesha wenzake.

Kwa RAM, andika mdsched.exe, uiruhusu mashine ijiwashe upya na kujipima. Kosa hata moja likionekana, RAM hiyo au soketi yake ina tatizo. Mashine zenye vipande viwili vya RAM, hasa kile kilichoongezwa baadaye mtaani, zijaribiwe kwa kipande kimoja kimoja.

Programu peke yake inajifunga

Hili ndilo anguko la kawaida zaidi, na linalotibika kwa urahisi zaidi ikiwa mtu atasoma ripoti badala ya kubahatisha. Andika perfmon /rel kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows. Utafunguka mchoro wa siku, wenye alama nyekundu za msalaba katika siku ambazo kitu kilianguka. Bonyeza siku husika, tafuta jina la programu yako, kisha ufungue maelezo ya ndani. Kati ya mistari hiyo upo unaotaja moduli iliyokosea, yaani faili ambalo lilikuwa likitekelezwa wakati wa anguko. Ukikuta jina la plagini, faili lenye mwisho wa .dll au .vst3 unalolitambua kuwa ni la riverebu au la sinthesaiza fulani, kazi imekaribia kuisha: sasisha plagini hiyo, na ikishindikana iache. Ukikuta jina la faili la draiva ya skrini, sasisha draiva ya skrini, kwa kuwa plagini nyingi huchora madirisha yake kwa kutumia kadi ya picha, na ndiyo sababu programu nyingine huanguka pale tu unapofungua dirisha la plagini na si inapopiga. Ukikuta ntdll.dll au ucrtbase.dll, usiyalaumu mafaili hayo ya Windows. Yametajwa kwa sababu ndiko kosa lililoanzia kwingine lilikoishia, na itabidi umtafute mhusika kwa njia nyingine.

Njia hiyo ni ya kugawa nusu kwa nusu. Funga programu, hamisha nusu ya plagini kutoka kwenye folda yake hadi folda nyingine yoyote ya muda; zile za muundo wa VST3 hukaa katika C:\Program Files\Common Files\VST3. Fungua programu ujaribu. Ikitulia, mhusika yumo katika nusu uliyoihamisha. Ikianguka, yumo katika iliyobaki. Gawa tena nusu hiyo, na tena. Hata mwenye plagini mia moja atafika kwenye moja baada ya kugawa mara saba hivi. Programu inayoanguka inapowaka tu, wakati inapokagua plagini, karibu kila mara ina ugonjwa huu.

Tazama pia umri wa plagini. Zile za biti 32, ambazo bado zinapitishwa kwenye flashi kutoka studio hadi studio, hupakiwa ndani ya programu ya biti 64 kwa kupitia daraja, na daraja hilo ni mahali pa maanguko mengi. Isitoshe, programu yoyote ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 za RAM, hata mashine yako ikiwa na GB 16. Anayefungua maktaba kubwa ya ala ndani ya toleo la biti 32 ataangushwa na ukomo huo.

Kuhusu programu zilizovunjwa kinga, niseme wazi, kwa kuwa kunyamaza ni kumdanganya msomaji. Aliyeivunja amebadilisha msimbo wake, na baadhi ya programu hizo huanguka bila mpangilio mahali ambapo nakala halali haianguki. Nyingine zimebeba virusi. Hakuna hatua yoyote katika mwongozo huu inayoweza kuthibitishwa juu ya programu ya namna hiyo, kwa sababu hujui ndani kuna nini. REAPER huweza kujaribiwa kwa siku 60 bila kufungiwa chochote, na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60 za Marekani. LMMS na Audacity ni bure. Kama studio yako inaingiza fedha, hata kidogo, anza huko.

Kila kitu kinaganda

Sauti ikikwaruza na kukatika bila kitu kufunga, kwanza ongeza bafa. Sampuli 128 ni milisekunde 2.9 katika kilohezi 44.1, sampuli 512 ni milisekunde 11.6. Tumia ndogo wakati wa kurekodi sauti ya mtu anayejisikiliza kwenye hedifoni, na kubwa wakati wa kuchanganya, ambapo hakuna anayesubiri. Tumia amri ya Freeze ya programu yako, au geuza kuwa sauti, zile traki zenye sinthesaiza nzito ambazo umeshamaliza kuzihariri.

Mashine nzima ikiganda kwa sekunde kadhaa kisha ikarudi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja utazame kumbukumbu (RAM) na diski. Kumbukumbu ikiwa imefika asilimia 95, Windows inahamishia sehemu yake kwenye diski, na kama diski hiyo ni ile ya zamani inayozunguka, utasubiri. Usizime kumbukumbu pepe, yaani hiyo sehemu ya diski inayosaidia RAM, kwa kudhani kuizima kunaongeza kasi. Ukiizima, programu itakayokosa nafasi haitachelewa bali itaanguka. Fedha kidogo zikipatikana, SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, ndiyo manunuzi yenye faida kubwa kuliko yote kwa mashine ya mtumba. CrystalDiskInfo itakueleza kama diski uliyonayo inaanza kufa, na ikionyesha onyo, hamisha kazi zako siku hiyo hiyo.

Fanya pia hesabu ya nafasi. Chaneli moja ya biti 24 katika kilohezi 48 hula karibu MB 8.6 kwa dakika. Kwaya iliyowekewa maiki 8, au ngoma za Bugobogobo zilizorekodiwa kila moja kwa maiki yake, zitakula zaidi ya GB 4 kwa saa. Na hapa kuna jambo linalowakuta wanaorekodi mikesha: faili la WAV la kawaida haliwezi kuzidi GB 4, na flashi au diski ya nje iliyofomatiwa kwa FAT32 nayo haipokei faili moja linalozidi kiasi hicho. Rekodi ya stereo ya biti 24 na kilohezi 48 hufika ukomo huo baada ya takriban saa nne na dakika nane. Rekodi iliyoanza saa tatu usiku itafika hapo kama saa saba na dakika nane, wakati mkesha umepamba moto, na programu itasimama, itaganda au itaharibu faili. Fomati diski kwa NTFS au exFAT, chagua muundo wa RF64 au W64, usio na ukomo huo wa WAV, ikiwa programu yako inao, au simamisha na kuanza faili jipya kila baada ya saa moja au mbili, katika mapumziko ya nyimbo.

Iambie kingavirusi isikague folda ya projekti, na usiweke folda hiyo mahali ambapo OneDrive inanakili kwenda intanetini huku unarekodi.

Kadi ya sauti inapotea

Programu ikiganda na kutoa ujumbe kuwa haioni kadi, tatizo ni USB. Tundu la USB 2 limepangiwa kutoa miliampea 500, na kadi yenye maiki mbili za kondensa zinazohitaji volti 48 inaweza kuufikia ukomo huo. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kupitia kigawanyio kisicho na umeme wake. Jaribu waya mwingine mfupi. Na katika mipangilio ya mpango wa umeme, izuie Windows isipumzishe matundu ya USB. Hakikisha pia kasi ya sampuli katika programu inalingana na ile ya kadi.

Projekti moja tu ndiyo inayoanguka

Nyimbo nyingine zote zikifunguka, kompyuta ni nzima, na kilichoumia ni projekti hiyo. Kabla ya lolote, nakili folda yake yote mahali pengine, kisha ufanye majaribio kwenye nakala. Katika REAPER, dirisha la kufungulia mafaili lina chaguo la kufungua projekti huku plagini zote zikiwa zimezimwa. Ukifanikiwa, ziwashe moja moja. Katika FL Studio, tafuta folda ya Backup, ambako programu huweka nakala za vipindi vya nyuma. Njia zote zikishindwa, anza projekti mpya tupu na uingize mafaili ya WAV yaliyomo kwenye folda ya zamani. Sauti za waimbaji zimo humo zikiwa salama, hata kama mpangilio wa plagini umepotea. Mtu aliyevuka maji kutoka Ukerewe kuja kuimba hapaswi kuitwa tena kwa sababu ya faili la mpangilio.

Ukiwa umepita hatua hizi zote na mashine bado inaanguka, sasa mpelekee fundi wa vifaa, lakini usimwambie tu kwamba inazima. Mpe daftari lako, picha za skrini ya bluu, namba za joto ulizozisoma, na orodha ya vitu ulivyokwisha kubadilisha. Na kabla ya kumwachia mashine, hamisha projekti zote kwenye diski ya nje, uifungue diski hiyo kwenye kompyuta nyingine, na upige angalau wimbo mmoja mpaka mwisho.